Affect na effect: kufanyia na kutokeza

Sentensi ya namna hii huonekana mara kwa mara katika barua za ofisini, katika matangazo, na hata katika ripoti zilizopita mikononi mwa wahariri: “The new rules will effect all employees.” Aliyeiandika alikusudia kusema kwamba kanuni mpya zitawagusa wafanyakazi wote. Alichokiandika, kikisomwa kwa ukali wa sarufi, ni kwamba kanuni hizo zitawafanya wafanyakazi wote wapatikane, kana kwamba kabla yake hawakuwapo. Msomaji mpole hupita bila kusema neno, kwa kuwa maana iliyokusudiwa anaiona. Msomaji mkali hutabasamu, na ikiwa aliyoishika mkononi ni barua ya maombi ya kazi, huenda asiishie kutabasamu. Yote hayo yameletwa na herufi moja, “effect” ikiandikwa pahali pa “affect”, na kosa lenyewe hufanywa na Waingereza na Wamarekani sawasawa na linavyofanywa na sisi tuliojifunza lugha yao darasani. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili ana ufunguo wake mwenyewe wa kulikwepa, ufunguo ambao wenye Kiingereza hawanao.

Tuanze na maana za kawaida. “Affect”, katika matumizi yake ya kila siku, ni kitenzi, na maana yake ni kuathiri: kitu kimoja hukigusa kingine na kukibadilisha kwa kiasi fulani. “Effect”, katika matumizi yake ya kila siku, ni nomino, na maana yake ni athari au tokeo, yaani lile badiliko lenyewe linalobaki baada ya kuguswa. Kwa hiyo mtu huandika “Lack of sleep affects memory”, ukosefu wa usingizi huathiri kumbukumbu, kisha akaendelea “One effect is forgetfulness”, athari mojawapo ni usahaulifu. Katika sentensi ya kwanza kuna jambo linalotendeka. Katika ya pili kuna kitu kinachoweza kuhesabiwa, kupimwa, kutajwa kwa jina na kulinganishwa na kingine.

Mfikirie mtu anayetembea juu ya mchanga wenye unyevu. Mguu unapokanyaga, mchanga hubonyea, na huko kukanyaga ndiko “affect”. Mguu ukiinuka, unabaki unyayo, na unyayo huo ndio “effect”. Sikuuchagua mfano huu kwa bahati tu. Neno letu athari limetokana na Kiarabu, ambako “athar” ni alama iliyoachwa na kitu kilichopita, ukiwamo unyayo wa mtu au wa mnyama, na wingi wake hutumika kutaja mabaki ya kale kama vile magofu. Ukisema athari za jambo fulani, asili ya neno lako ni nyayo za jambo hilo.

Hapa ndipo ufunguo ulipo. Kiswahili nacho kina jozi ya maneno yanayotofautiana kwa irabu moja: athiri na athari. La kwanza ni kitenzi, la pili ni nomino. Aliyekulia katika lugha hii hasemi “mvua imeathari mazao”, wala hasemi “athiri za mvua”, na hahitaji kanuni yoyote ya kumkumbusha, kwa sababu sikio lake linakataa mara moja. Basi anayeandika Kiingereza na kusita kati ya maneno haya mawili anachohitaji ni kujisemea sentensi yake kwa Kiswahili kabla ya kuiandika. Akijisikia anasema athiri, imeathiri, itawaathiri, yataathiriwa, ajue kwamba neno lake ni “affect”. Akijisikia anasema athari, liwe moja au mengi, neno lake ni “effect”.

Ipo tahadhari moja ya kushikwa hapo. Maneno yetu mawili yote huanza na irabu “a”, na anayetaka kulinganisha herufi kwa herufi atapotea, hasa akiona kwamba athari ndilo lenye “a” nyingi zaidi ilhali mwenzake wa Kiingereza ndiye aliyeipoteza “a” yake. Kinacholinganishwa ni kazi ya neno katika sentensi, kitenzi kwa kitenzi na nomino kwa nomino. Kwa anayependa kitu cha kushika kichwani, alfabeti inatosha: “a” hutangulia “e”, kama tendo linavyotangulia tokeo lake.

Kwa nini basi wenye lugha wenyewe huchanganyikiwa? Sababu ya kwanza ni ya masikio. Katika Kiingereza, irabu isiyobeba mkazo hufifia, ikawa sauti hafifu ambayo si “a” kamili wala “e” kamili. “Affect” ya kitenzi na “effect” zote hubeba mkazo kwenye silabi ya pili, kwa hiyo silabi ya kwanza, ambayo ndiyo pekee inayoyatofautisha, humezwa. Katika vinywa vya wasemaji wengi maneno haya hutoka yakiwa sawa kabisa. Mtoto wa Kiingereza huyasikia kwa miaka kadhaa kama neno moja kabla hajayaona kwenye karatasi, ndipo aambiwe kwamba ni mawili. Kiswahili hakina tabia hiyo: irabu zetu tano hutamkwa kikamilifu popote zilipo, ziwe na mkazo au zisiwe nao. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili anayesoma Kiingereza kwa lafudhi yake hutamka “a” ya neno la kwanza waziwazi na kulipa la pili sauti iliyo karibu na “i”. Wapo wanaomcheka kwa lafudhi hiyo, lakini katika jambo hili lafudhi yake inahifadhi tofauti ambayo lafudhi nyingine zimeipoteza.

Sababu ya pili ni ya kisarufi, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ingawa haizungumzwi sana. Kiingereza kimewazoesha wasemaji wake kwamba neno moja linaweza kuwa kitenzi na nomino bila kubadilika umbo: “change” ni kubadilisha na pia badiliko, “harm” ni kudhuru na pia madhara, “influence” ni kushawishi na pia ushawishi. Aliyezoea hayo akikutana na “affect” kama kitenzi hutarajia kwamba nomino yake nayo itakuwa “affect”. Haiwi hivyo. Nomino ya tendo hilo imekopwa kutoka kwa jirani: anayesema “it affects me” akitaka kusema jambo lilelile kwa nomino atasema “it has an effect on me”. Sentensi mbili, maana moja, herufi tofauti. Katika Kiswahili nomino na kitenzi mara nyingi hutofautishwa kwa umbo, kwa irabu ya mwisho kama katika tenda na tendo, au kwa irabu ya kati kama katika athiri na athari, kwa hiyo badiliko la umbo halitushangazi.

Sentensi hizo mbili zinatupa pia alama ya kutambulia. “Affect” hushika yambwa yake, yaani anayeguswa na tendo, moja kwa moja, bila kihusishi chochote kati yao, kama vile katika “imeniathiri” kiambishi “ni” kinavyoingia ndani ya kitenzi chenyewe. “Effect” haiwezi kumfikia anayeguswa bila kupitia kihusishi “on”, kama vile sisi tunavyosema athari kwa mtu au athari juu ya kitu. Ukiona “on” inafuata mara moja, karibu kila mara neno sahihi lililo mbele yake ni “effect”. Vivyo hivyo, neno likitanguliwa na “an” au “the”, au na kivumishi kama “good”, “serious” na “long-term”, hiyo ni nomino, na nomino ya kawaida ni “effect”.

Historia ya maneno haya inasaidia zaidi ya kanuni. Yote mawili yametoka katika Kilatini, kwenye kitenzi “facere”, kufanya, ambacho kina uzao mkubwa katika lugha za Ulaya. Hata faksi yetu imetoka humo, kwa kuwa jina lake refu lilikuwa ni amri ya Kilatini yenye maana ya “fanya kinachofanana”. Warumi waliunganisha kitenzi hicho na viambishi viwili. Cha kwanza ni “ad”, chenye maana ya kuelekea kitu, wakapata “afficere”. Cha pili ni “ex”, chenye maana ya kutoka ndani kwenda nje, wakapata “efficere”. “D” ya kiambishi cha kwanza na “x” ya cha pili zilifuata sauti ya “f” iliyokuwa mbele yake, kama vile kwetu “n” ya ngeli inavyogeuka “m” inapokutana na “b” katika nyumba mbaya. Ndiyo sababu maneno yote mawili yana “f” mbili: moja ni ya kitenzi, nyingine ni kiambishi kilichojificha.

Sasa tafsiri viambishi hivyo kwa mnyambuliko wa Kiswahili uone mambo yanavyonyooka. “Afficere” ni kufanya kwa kuelekea kitu, yaani kufanyia, ile kauli ya kutendea tunayoitumia kila siku. Hali ya hewa imeyafanyia nini mazao? Habari ile imemfanyia nini? Jibu la maswali kama hayo kwa Kiingereza huja na “affect”. “Efficere” ni kufanya kitu hadi kitoke nje, yaani kutokeza, na kilichotokezwa ni tokeo. Mwenye kukumbuka kwamba “effect” ina “kutoka” ndani yake, na kwamba tokeo letu nalo lina “kutoka” ndani yake, hahitaji tena kukariri lipi ni lipi.

Maelezo hayo ya Kilatini ndiyo yanayotuvusha kwenye sehemu ngumu ya somo, ile inayowaangusha hata waliokwisha kuielewa kanuni ya kwanza. Wengi hufundishwa kwamba “affect” ni kitenzi siku zote na “effect” ni nomino siku zote. Kanuni hiyo inafaa kwa sehemu kubwa sana ya maandishi, lakini si kweli tupu. “Effect” inaweza kuwa kitenzi, na ikiwa hivyo huirudia asili yake: kutokeza, kuleta kitu ambacho hakikuwapo, kukitimiza. Polisi huandika kwamba “effected an arrest”, walitekeleza ukamataji. Benki huandika “to effect payment”, kufanya malipo yakamilike. Wanaopigania mageuzi husema wanataka “to effect change”, kuleta mabadiliko. Ni lugha ya ofisi, ya mahakama na ya hotuba, na nakiri kwamba mara nyingi neno rahisi kama “make” au “bring” lingetosha, lakini lipo na linatumika.

Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni tofauti ya mtu anayepita karibu na chungu kibichi akakigusa kwa kiwiko kikapinda, na mfinyanzi aliyekifinyanga chungu chenyewe. Wa kwanza amekiathiri chungu kilichokuwapo. Wa pili amekitokeza kisichokuwapo. Kwa hiyo “to affect change” na “to effect change” zote ni sentensi halali, na hapo ndipo hatari ilipo. Ya kwanza inasema kwamba kuna mabadiliko yanayoendelea tayari na mtu fulani anayasukuma upande huu au ule, labda anayachelewesha. Ya pili inasema kwamba mtu huyo ndiye anayeyaleta. Programu ya kusahihisha tahajia haitapiga mstari mwekundu chini ya yoyote kati yake, kwa sababu maneno yote mawili yamo katika kamusi, na hata programu zilizoelimika zaidi haziwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili mwandishi alikuwa nacho moyoni. Turudi basi kwenye tangazo la kazini tulilolianza nalo: kanuni mpya hazikuwafinyanga wafanyakazi, ziliwagusa tu, na kilichohitajika ni “affect”.

Wapo wanaodhani kwamba tofauti ni ya nchi, kwamba neno moja ni la Uingereza na jingine ni la Marekani. Dhana hii inaeleweka, kwa kuwa kweli kuna jozi za namna hiyo: Waingereza huandika kitenzi cha kufanya mazoezi kwa “s”, “practise”, na nomino yake kwa “c”, “practice”, ilhali Wamarekani hutumia “c” kwa yote mawili. Katika “affect” na “effect” hakuna mgawanyo wa aina hiyo. Kanuni ni ileile pande zote mbili za bahari.

Dhana nyingine inatuhusu sisi zaidi, kwa kuwa chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Ufunguo niliousifu hapo juu una kasoro moja. Katika mazungumzo yetu, athari na kuathirika vimeinamia upande wa ubaya. Ukisikia kwamba eneo limeathirika, hufikirii kwamba limepata neema. Unafikiri mafuriko, ukame au moto. Kiingereza hakijainama hivyo. “Affect” ni neno la katikati: dawa inaweza kumwathiri mgonjwa kwa kumponya, na hotuba inaweza kumwathiri msikilizaji kwa kumgusa moyo hadi machozi yakamtoka, na yote hayo ni “affect”. “Effect” nayo inaweza kuwa njema au mbaya, na ndiyo maana kivumishi huongezwa mtu anapotaka kueleza upande. Anayetafsiri “side effects” kuwa madhara ya dawa anasema zaidi ya kilichoandikwa, kwa kuwa si kila tokeo la pembeni hudhuru. Kusinzia kidogo, kwa mfano, kunaweza kumfaa mgonjwa asiyepata usingizi.

Kuinama huko kulileta utata mkubwa zaidi katika habari za UKIMWI. Kwa miaka mingi mtu mwenye virusi aliitwa mwathirika, na neno hilo likazoeleka kiasi kwamba kusema fulani ameathirika kulitosha bila kutaja ugonjwa. Katika maandishi ya Kiingereza kuhusu suala hilohilo, “infected” ni yule aliye na virusi mwilini, na “affected” ni yeyote ambaye maisha yake yameguswa: mwenzi, mzazi, mtoto aliyebaki yatima, hata kama mwenyewe hana virusi. Mtafsiri aliyeandika waathirika pale palipoandikwa “affected” aliwapa virusi watu wasiokuwa navyo. Leo waandishi makini hupendelea kusema mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, na hivyo kulirudishia neno kuathirika maana yake pana.

Kuna pia misemo ambayo “effect” imeganda ndani yake, na humo athari haisaidii kitu. “With effect from 1 July” katika barua ya uteuzi au ya kupandisha ada ni kuanzia tarehe 1 Julai, basi. Sheria “takes effect” inapoanza kutumika. “In effect” katikati ya hoja ni kusema kwa hakika, au ukitazama undani wa jambo. “Personal effects” ni vitu vya mtu binafsi, nguo na saa na pochi, na neno hili hupatikana zaidi kwenye bima, kwenye mirathi na kwenye fomu za mahabusu. “Special effects” za filamu ni hila za macho, na watengenezaji wake huzifupisha kwa herufi mbili, FX, kwa kuwa herufi hizo zikitajwa kwa Kiingereza husikika kama neno lenyewe. Katika misemo hii yote herufi ni “e”, na hakuna hata mmoja unaobadilika.

Upande wa “affect” unabaki na mambo mawili yasiyo ya kawaida. La kwanza ni kitenzi jamaa, kilichotoka katika tawi jingine la Kilatini lenye maana ya kukimbilia kitu au kujitahidi kukipata, na ambacho leo maana yake ni kujifanya. “An affected accent” si lafudhi iliyoathiriwa. Ni lafudhi ya kujitia, ya mtu anayetaka aonekane ametoka mahali asikotoka. La pili ni nomino. Ndiyo, “affect” nayo ina nomino yake, lakini inaishi karibu peke yake katika saikolojia na tiba ya akili, ambako ni hisia jinsi inavyojionyesha usoni, katika sauti na katika mwenendo wa mtu. Hii haitamkwi kama kitenzi: mkazo umehamia silabi ya kwanza, na “a” yake husikika kikamilifu. Daktari akiandika kwamba mgonjwa ana “flat affect”, hakukosea tahajia. Ameandika kwamba uso na sauti ya mgonjwa havionyeshi furaha wala huzuni, na mhariri mwenye bidii akimsahihisha kwa kuweka “effect”, atakuwa amefuta dalili ya ugonjwa.

Vivumishi vyao hurithi mgawanyo huohuo. “Effective” ni kile kinacholeta tokeo lililokusudiwa, na “affective” ni kile kinachohusu hisia. Waliosomea ualimu wamekutana na neno hili la pili katika “affective domain”, nyanja ya hisia na mwelekeo wa mwanafunzi, inayotajwa pamoja na nyanja ya maarifa na ile ya stadi za mwili. Mwalimu anayeandika katika wasifu wake kwamba mbinu zake ni “very affective” amesema kwamba zinagusa sana hisia za wanafunzi. Huenda ni kweli, lakini sidhani kwamba hilo ndilo alilotaka mwajiri alisome.